Mama wa Michoro Aliyeshika Kiuno

Jumamosi, 12 Agosti 1978, Mbooni

Sikutaka kwenda kuona sinema kanisani. Wifi yangu Kalunde ndiye aliyenivuta, akisema mwezi mzima wa kukaa ndani tangu tumzike Mutua, mume wangu, unatosha.

Madirisha ya kanisa yalikuwa yamezibwa kwa blanketi. Filamu yenyewe ilikuwa fupi, ya michoro inayotembea: mama anapepeta maharagwe. Watu walicheka. Mimi sikusikia kitu moyoni, hata huzuni.

Lakini yule mama nilimtazama. Aliyemchora alitumia mistari michache tu, na bado alikumbuka kumfanya asimame kidogo, ashike kiuno, anyooshe mgongo, kisha aendelee. Hadithi haikuhitaji hayo. Sijui nani alimwambia mchoraji kwamba mgongo huuma hivyo.

Ilipoisha nikasikia mtu anasema, "Tafadhali rudisha pale anaposhika kiuno." Watu wakageuka kuniangalia. Ilikuwa sauti yangu.

Bwana wa mashine ya sinema akauliza, "Mama, kuna mahali hukuelewa?"

"Nimeelewa. Nataka tu kuona tena."

Akairudisha. Kalunde alinishika mkono.

Hata sasa ninapoandika, moyo bado umekufa ganzi. Lakini leo kuna kitu nilikitaka, nikakiomba.