Siku Mia za Mwamba

Suva, Jumapili

Kaka Vilikesa,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Mihogo uliyopanda kabla ya kwenda jeshini tumeshaimaliza.

Makala yangu ya kwanza imetoka katika jarida la sayansi, baada ya miaka miwili na marekebisho manne. Nimechoka, hata kufurahi siwezi. Inaeleza samaki walivyoongezeka kijijini kwetu zile siku mia ambazo mwamba wa baharini ulifungwa kimila kwa ajili ya msiba, mtu yeyote asivue. Mhakiki mmoja, sijui wa wapi, aliisifu, kisha akataka mwamba ufungwe tena tuhesabu upya, ndipo aamini. Nilimsomea Mama maneno yake. Akaendelea kukuna nazi, akasema, "Mwambie huyo bwana, mimi mume mwingine wa kuzika sina."

Nikamjibu kwa adabu kwamba jaribio haliwezi kurudiwa. Wahariri wakakubali.

Nakutumia nakala. Hukuja mazikoni, nami siulizi tena. Fungua ukurasa wa tatu, utakuta sentensi hii: "Eneo lilifungwa kwa sababu za kimila." Isome taratibu, Kaka. Maneno matatu ya mwisho ni Baba.

Mdogo wako,
Litia