Karatasi ya Juu ya Birika

Jumatatu, 2 Machi
Nywila ya mfumo wa alama imebandikwa ukutani ofisi ya walimu, juu ya birika la umeme! Wino mwekundu, herufi kubwa, asije mtu akaikosa. Kila mwanafunzi anayeleta madaftari anaisoma bure. Nikamuuliza makamu wa mkuu. Akacheka. Eti sisi hapa ni familia moja, mwalimu, nani wa kufichwa? Familia ya mbumbumbu.

Jumanne, 3 Machi
Ile karatasi nimeichana. Kila mwalimu nimemfungulia akaunti yake – mimi, msimamizi wa mfumo, yangu ninayo tangu mwaka juzi – kisha nikawasomesha saa nzima. Nywila iwe ndefu. Usimpe mtu. Ukinyanyuka, toka kwenye akaunti. Mwalimu wa hesabu alikoroma waziwazi. Karani akauliza kama anaweza kutumia jina la shule. La shule! Na hawa ndio tumewaachia watoto wa watu. Nyumbani nilimwigizia binti yangu jinsi makamu anavyosaka herufi moja moja kwa kidole. Alicheka mpaka machozi. Yeye yuko darasa la mwisho hapa hapa shuleni kwetu, na kwa kompyuta anawashinda wote hawa.

Alhamisi, 5 Machi
Si nilisema! Alama za fizikia za darasa la mwisho zimechezewa. Wanafunzi sita wamepandishwa, na kesho zinatakiwa baraza la mitihani. Binti yangu hayumo, alhamdulillahi. Mkuu kanywea. Nikamwambia atulie, mfumo utamtaja mwenye akaunti, na huyo hana kazi tena. Walimu wamenikwepa kutwa. Nimefurahi, sifichi. Naomba awe makamu.

Ijumaa, 6 Machi
Akaunti ni yangu.
Jumatano, saa moja na dakika kumi jioni. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Binti yangu alikuwa sebuleni na kompyuta yangu, anajisomea. Wale sita ni kikundi chake – kila Jumapili wananimalizia chai.
Mkuu kauliza: kuna mwingine anayeijua nywila yako?
Muhula uliopita niliugua wiki nzima. Binti yangu ndiye aliyeniingizia alama. Nilimtajia nywila kwa mdomo wangu, nikiwa kitandani. Sikuibadilisha. Mimi!
Nimepewa nusu saa niandike maelezo. Niko ofisi ya walimu, gundi ya ile karatasi bado iko ukutani. Makamu kanimiminia chai, kaniwekea mkono begani. Pole mwalimu, sisi ni familia.
Kwenye karatasi ya mkuu nimeandika tarehe tu. Anataka jina.