Msiba wa Namazzi si Suala la Mila

Bawshar, Maskati
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Thani,

Assalaam alaikum. Hujambo huko kwenye theluji? Kile kifua kimepoa? Sisi wazima, alhamdulillah. Mama tu magoti yanamsumbua, na kila akiswali anakuombea.

Ile riwaya ya Kimarekani uliyonitumia nimeimaliza. Mtu yule anabadilisha jina, dini na kabila kila mji anaofika, na kila anachofanya anasema hapa ndiyo sawa, wala mwandishi hamhukumu. Niliipenda. Lakini leo nnakuandikia kwa hasira.

Ijumaa sisi tunaosoma pamoja tulikutana kuijadili nyumbani kwa Khalil, mtoto wa ami Bakhit, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Tangu arudi masomoni huko kwenu Amerika, yeye ndiye mwalimu wetu. Akatusomesha kwamba haki si moja; kila watu wana haki yao, na mgeni hana ruhusa ya kuhukumu. Sote tukaitikia.

Akaingia na kahawa Namazzi, binti wa Kiganda anayewafanyia kazi za nyumbani. Macho yamemvimba. Nikamuuliza ana nini.

"Mama amefariki Jumatano, madam. Wanazika kesho. Baba Khalil amesema nisiende, nisubiri mpaka Idi ipite."

Nikamgeukia Khalil. Unajua alinijibu nini?

"Nasriya, usiwapime kwa mizani yetu. Wenzetu wana mila zao za msiba."

Kaka, hebu niambie! Kufiwa na mama kunataka mila gani? Nikamwambia mbele ya watu, "Hiyo si elimu, Khalil. Wewe hutaki kukosa mpishi Ramadhani." Watu wakainamia vikombe vyao.

Aliyenyanyuka ni Noof, mkewe. Akenda chumbani, akarudi na pasipoti ya Namazzi waliyokuwa wamemuwekea, akamtia mkononi. Kisha akamwambia mumewe taratibu, "Mamako alipofariki ulikuwa Amerika. Ulipanda ndege siku ile ile. Hakuna aliyekuuliza mila zako."

Namazzi aliondoka jana alfajiri. Amefika kwao jioni, mamake keshazikwa. Angeachiwa Alhamisi, angewahi.

Na sasa Khalil analalamika nimemvunjia heshima nyumbani kwake, na ami Bakhit anataka nikaombe radhi. Siendi!

Mwandikie wewe, maana wewe anakusikiliza. Mwambie kutomhukumu mtu wa kitabuni ni usomaji. Kumzuia mtu hai asimzike mamake ni dhulma, hapa na Uganda na huko Amerika.

Nisalimie wifi Mahfoudha, na mwanao Wael mbusu kwa niaba yangu. Mola akuhifadhini ugenini, na akujaalieni ulimi wa kusema haki hata mbele ya jamaa.

Dadako akupendaye, na asiyeomba radhi,
Nasriya