Sigara Hukuivuta Wewe, Mama

Mpendwa Mama,

Leo nimepita mtaa wa Bondeni nikasimama mbele ya ile nyumba yetu ya chumba kimoja. Kuna familia nyingine sasa. Nimekumbuka jioni za mvua, mlango umefungwa, Baba ametoka kiwandani, ameketi kitandani na redio yake, sigara mkononi. Wewe unasonga ugali, sisi watoto tumejipanga mkekani, na moshi umetanda juu yetu sote.

"Baba Nekesa, si ufungue hata dirisha," unamwambia.

"Na hii baridi ya Nakuru? Unataka watoto wagonjeke?"

Tunacheka, hata wewe. Nani angejua?

Kanisani wewe ndiye uliyekuwa ukianzisha pambio. Kisha ukaanza kukatiza ubeti katikati, ukiwaachia wengine wamalizie. Ulisema ni vumbi. Tukitoka sokoni ulisimama kila penye mitumba, ukishikashika nguo usizozihitaji. Nilidhani unapenda nguo, kumbe ulikuwa unatafuta pumzi.

Nakumbuka siku daktari alipokuuliza, "Mama, umevuta sigara miaka mingapi?" Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "Mimi? Hata ladha yake siijui."

"Na nyumbani, kuna anayevuta?"

Ukamgeukia Baba. Alikuwa kando yako, kofia mapajani. Daktari alieleza polepole kwamba moshi wa sigara humwingia kila aliye chumbani, na kwamba umeingia kifuani mwako miaka yote hiyo mpaka njia za hewa zikavimba na kuwa nyembamba. Moshi wa jiko nao ulichangia, alisema. Dawa zingekusaidia kupumua, lakini mapafu yaliyoharibika hayarudi kuwa mapya.

Baba aliacha sigara siku hiyo hiyo. Alitetemeka, akagombana na kila mtu, akatafuna miwa mpaka ufizi ukachubuka. Hakuvuta tena. Lakini wewe ulizidi kwenda chini.

Nilipowaleta wewe na Baba kwangu, mtaa wa Section 58, hukuweza hata kuchana nywele. Kuinua mikono tu kulikumaliza. Nilikusuka ukiwa umeegemea magoti yangu, mtungi wa oksijeni kando yetu, nikihisi mgongo wako ukipanda na kushuka kama wa mtu aliyekimbia mbio, na ulikuwa umeketi tu. Asubuhi moja ulimwita Baba, ambaye siku zote alikaa mbali, karibu na mlango. "Njoo hapa," ulimwambia. "Siku hizi hunuki moshi." Akaketi, ukashika mkono wake. Mimi nikatoka nje, kwa sababu sikuweza kuvumilia huruma yako.

Tulikuzika kwetu Bungoma. Baba nilirudi naye Nakuru, lakini Mama, nilimpa chakula tu, sikumpa maneno. Ulikuwa umeniambia, "Usimchukie, hatukujua." Nilisikia. Moyo ndio uliokataa.

Jumapili iliyopita binamu yangu Wafula alikuja kututembelea. Baada ya chai akawasha sigara pale sebuleni, mtoto wangu akicheza miguuni pake. Kabla sijafungua mdomo, Baba alikuwa amesimama.

"Toka nayo nje."

"Ah, mzee, ni moja tu."

"Mimi pia nilikuwa nasema ni moja tu." Alikuwa ameelekeza kidole mlangoni. "Mke wangu hakuwahi kuvuta hata moja, Wafula. Nilimvutisha mimi, kwa moshi wangu. Mimi ndiye niliyemmaliza."

Wafula alitoka nayo nje. Baba alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kwenda, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kaburini kwako. Nilikwenda nikamshika, nikamketisha, nami nikaketi ubavuni mwake. Mtoto alikuja akalala mapajani mwa babu yake.

Siwezi kukudanganya kwamba hasira imeisha. Kuna siku bado nasikia ukitafuta hewa, na namwangalia Baba akila kwa afya, roho inaniuma. Lakini tangu Jumapili tunakula meza moja. Jana aliniuliza ulikuwa unatia nini kwenye mboga ya mrenda ikawa tamu vile. Nilimweleza, akasema hakuwahi kukuuliza, na wote wawili tukaacha chakula kikapoa.

Pumzika, Mama. Nakukosa sana.

Kifungua mimba wako,
Nekesa