Chupa ya Sitini na Nne

Jumatatu, 3 Novemba 2014
Glasi zote zimefutwa. Mbili zimevunjika, mkono wangu huu huu. Mzee Inasio hakugomba. Nikajua kuna jambo.

Saa tano akaniita stoo. Huyu mzee ni Mgoa wa Tanga, ana mgahawa wake hapa Queensbury, London, miaka na miaka, na stoo ya mvinyo hafungui mtu ila yeye. Ufunguo haumtoki shingoni. Akanionyesha sanduku dogo la mbao limetoka Uhispania. Ndani chupa moja ya mvinyo mwekundu, imevishwa wavu wa waya mwembamba. Mwaka 1964. Jamani! Chupa imenizidi umri miaka ishirini na miwili!

Inafunguliwa Jumapili. Nitaifungua mimi.

Jumanne, 4 Novemba
Leo nimepata habari kamili. Chupa ni ya Bwana Anselmo na Mama Filomena, Wagoa wa Unguja. Baada ya mapinduzi walikimbilia Dar, wakafunga ndoa Novemba ya mwaka uleule. Chai na biskuti, basi. Mvinyo haukupatikana. Bwana akamwahidi mkewe kwamba iko siku atamnywesha. Sasa wanatimiza miaka hamsini na siku yenyewe bado haijafika.

Mzee Inasio amewaandikia barua wenye shamba la mizabibu mwaka mzima. Shamba la familia, kule Rioja, Uhispania, sasa liko mikononi mwa dada wawili. Mvinyo wao hukaa kwenye mapipa ya mwaloni karibu miaka kumi, ndipo uingie kwenye chupa, ukae tena gizani. Watu hawana haraka wale! Wamekubali kutoa chupa moja. Moja tu.

Wiki ile wazee wale walipofunga ndoa, mvinyo huu ulikuwa ndiyo kwanza unachachuka. Kila nikifikiria hilo nasisimka mwili mzima.

Mzee kasema ikifunguka salama, ufunguo wa stoo ni wangu. Sitafuta glasi tena. Nitakuwa mtu wa mvinyo. Mimi! Mjukuu wa muuza mbege, pombe ya ndizi, wa Kibosho!

Alhamisi, 6 Novemba
Presha inapanda, presha inashuka. Chupa imesimamishwa tangu juzi ili mashapo yatulie chini. Haitikiswi. Nikipita karibu nabana pumzi, utadhani kuna mtoto kalala.

Tatizo ni kizibo. Kikishakaa miaka hamsini kinamomonyoka kama keki ya juzi. Nimefanya mazoezi kwa chupa kuukuu saba. Vizibo sita vimevunjikia ndani. Nimelia chooni, nimenawa, nimerudi. Cha saba kimetoka kizima. Nimeruka juu mpaka mpishi kaja kuchungulia.

Jumamosi, 8 Novemba
Shati jeupe nimelipiga pasi mara mbili. Leo kwenye treni nilikuwa nazungusha mpini wa mwavuli, polepole, kama kizibuo. Mama mmoja akahama kiti. Ahame tu.

Mzee kanikumbusha tena utaratibu wa kumimina. Kidogo kwa bwana, aonje. Akikubali, ndipo mkewe, ndipo wengine. Nimesema kwa sauti mara ishirini. Naujua.

Jumapili, 9 Novemba
Nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Niandike kwa mpangilio. Watu kumi na wanne mezani, mchana, wametoka misa. Nikawapa wazee shikamoo zao. Mama Filomena ni mdogo wa umbo, gauni la kijivu. Hajacheka tangu aingie. Nikakata waya. Nikazungusha kizibuo taratibu, mikono mikavu. Kizibo kikatoka kizima! Kizima! Harufu ikapanda: ngozi, matunda makavu, karafuu. Karafuu kabisa! Mama Filomena akainua kichwa.

Hapo ndipo furaha ilinichanganya. Nikamimina kwenye glasi ya mama, siyo ya bwana. Nikainua glasi, nikapiga funda mimi mwenyewe, mbele ya watu wote. Kisha nikampa kwa mikono miwili.

Kwetu Kibosho ndivyo mgeni anavyopewa mbege. Anayemimina anaonja kwanza, mgeni aone hakuna ubaya ndani. Bibi alinifundisha nikiwa na miaka saba. Mikono ilijiendea yenyewe.

Kijana wao mkubwa, mzaliwa wa hapa London, akauliza kwa Kiingereza kama ni kweli mhudumu amekunywa mvinyo wa mama yake. Mzee Inasio kawa mweupe kama kitambaa cha meza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Filomena akapokea glasi. Akaniuliza kwa Kiswahili, cha Unguja kabisa, "Mtamu?"

"Mtamu, mama."

"Basi hauna sumu. Anselmo, sogea tunywe."

Akacheka, akacheka mpaka mumewe akamfuta machozi. Wakanywa wawili kwa glasi ile ile moja. Bwana akainua, mkewe akamshikia.

Lakini Mzee Inasio kaondoka na ufunguo shingoni.

Jumanne, 11 Novemba
Nimefuta glasi. Ufunguo bado uko shingoni mwa mzee.

Najuta? Funda lile silijutii hata kidogo, ladha yake bado naisikia kooni. Ufunguo ndio unaniuma. Naona hasira, naona aibu, na nikikumbuka kizibo kilivyotoka nacheka peke yangu kama chizi. Kimeshaingia mfukoni mwangu kile kizibo. Hakitoki.

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Wateja wachache.

Kimeletwa kisanduku kipya cha mvinyo wa kujaribu. Mzee kaniita stoo. Kafungua chupa mwenyewe, kamimina kidogo kwenye glasi moja. Nikasubiri aonje. Hakuonja. Akaninyooshea mimi.

Nikaonja. Nikampa kwa mikono miwili. Akanywa, akatikisa kichwa kukubali, akapanda juu kupokea samaki.

Ufunguo kauacha mezani. Nimekaa nikimsubiri aurudie. Nimepanga chupa zote, nimefagia, nimefuta rafu. Hajarudi, na mzee yule hasahau kitu.

Nimeuvaa.