Baba Alikuwa Anakuja Kwako

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kama mvua inayopiga bati la nyumba hii ninamoandikia. Natumaini barua itakukuta u mzima, wewe na shemeji, na watoto ambao nasikia wapo ila sijajaliwa kuwaona. Mimi sijambo, isipokuwa miguu. Imevimba na ina vidonda, na mama mwenye nyumba amenikataza kuvuka kizingiti mpaka vikauke. Ndiyo maana naandika badala ya kuja. Anayekuletea ni dereva wa lori la matofali, mtu muungwana. Tafadhali mpe japo maji ya kunywa, njia ni mbovu.

Najua unajiuliza nimefuata nini upande huu wa nchi, mimi ambaye hata nikitumwa dukani nilikuwa nalia. Niache nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho kalamu itaniponyoka.

Tangu siku ya msiba wa mama, ulipoondoka, baba hakulitaja jina lako. Miaka ikapita hivyohivyo. Halafu akaanza kusahau. Mwanzoni vilikuwa vitu vya kuchekesha: misumari ameibana midomoni, yeye anaitafuta mezani. Tulicheka wote wawili. Baadaye akasahau majirani, akasahau kama amekula, na mwisho wake akanisahau mimi. Lakini wewe ulirudi, dada. Asubuhi moja alivaa koti lake la kazi, akachukua kofia, akasema anakwenda kwako, kwa Chiriku wake. Nilishtuka. Nikamuuliza kuna nini huko. Akanijibu kama anayemwelewesha mjinga: "Mama yenu anaumwa. Chiriku ndiye aliyesema apelekwe hospitali. Namfuata aje ampeleke."

Nikamwambia mama alishafariki. Alilia kama ndiyo kwanza anapata habari. Kesho yake akaamka, koti, kofia, anakwenda kwa Chiriku. Nikamwambia tena, akalia vilevile. Sikuwa na moyo wa kumzika mama upya kila asubuhi, nikaacha kumwambia, nikafunga mlango kwa kufuli. Lakini seremala unamfungiaje mlango? Aling'oa bawaba kwa mpini wa kijiko, akauegemeza mlango ukutani kwa heshima zote, akashika njia. Nilimkuta mbali, barabara kuu, viatu mkononi.

Nilijaribu kumleta kwako kwa basi. Lilipoanza tu kuondoka akapiga kelele kwamba anaibwa, akataka kushuka likiwa kwenye mwendo. Kondakta akatushusha, wala hakutufokea. Pale kando ya lami ningeweza kumburuta kurudi nyumbani, lakini yeye alikuwa ameshaanza kwenda zake, mikono nyuma, kama anayekwenda kukagua kazi ya wanafunzi wake. Nilikuwa nimesikia kwamba uko mji wa mpakani, una saluni karibu na stendi. Nikajifunga mtandio kiunoni nikamfuata.

Dada, nimeiona nchi hii kwa nyayo. Na nilichokiona, watu wanaisema vibaya bure. Kwenye kizuizi kimoja askari alinisimamisha akidhani nimemwiba mzee wa watu. Alinihoji mpaka nikatokwa na machozi. Baba akamkatiza, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, na huko kwao hawamfundishi kumwachia mzee kiti? Nilijua tumekwisha. Yule askari akamtazama, akaenda kuleta kiti chake mwenyewe, kisha akapiga magoti, bunduki mgongoni, akamfunga baba kamba za viatu. Alisema ana baba kijijini, hajamwona muda mrefu, na anaogopa atakaporudi yule mzee hatamtambua. Magari yalipanga foleni yakimngoja amalize fundo.

Katika mji uliofuata kinyozi alituita tulipokuwa tunapita. Akamnyoa baba ndevu polepole, akatuachia chumba chake cha nyuma, yeye akalala kwenye kiti cha kunyolea. Asubuhi tulimkuta baba amepiga magoti mlangoni, anapunguza kwa kisu ubao uliokuwa unasugua sakafu. Kinyozi akasema mlango ule unamsumbua tangu apange, na mwenye nyumba kila siku humwahidi fundi kesho. Baba akacheka, akasema kesho ndiye fundi mvivu kuliko wote. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu akili ianze kumtoka. Kwa dakika chache alikuwa yeye.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kuniita Chiriku. Nilimkosoa, akakasirika. Nikaanza kuitika. Njia ilikuwa ileile, ila sasa aliamini amekwisha kukupata na tunarudi kwa mama. "Kaza mwendo, Chiriku, mama yako anangoja." Nami nikaitika, naam, baba. Watu tuliowakuta wakisikia jina hilo walicheka, maana chiriku mwenyewe alikuwa kutwa nzima hafungui mdomo.

Mvua ilitukuta kwenye uwanja wa mfyatua matofali, yaani hapa. Tulijibanza kati ya marundo ya matofali mabichi, yeye na mkewe wakikimbia kuyafunika. Yule mama alipomwona baba anatetemeka, aliliachia turubai lipeperuke. Matofali ya kazi ya wiki nzima yakalowa yakarudi kuwa udongo, na mpaka leo sijasikia wakilitaja jambo hilo. Walimlaza kitandani kwao. Homa ikapanda. Asubuhi mume akasema hapa hapana mjadala, twende zahanati. Tukamweka baba kwenye mkokoteni wa matofali, juu ya godoro lao. Nilitegemea atapiga kelele kama kwenye basi. Hakupiga. Alinishika mkono akauliza tunampeleka nani. Nikasema tunakupeleka wewe, baba. Hakuuachia mkono wangu njia nzima.

Mganga alisema mapafu yameshajaa maji. Walimtundikia dripu, wakafanya walichoweza.

Baba yetu amefariki, dada. Nimezunguka weee, lakini ndiyo habari yenyewe. Alifariki adhuhuri ya siku iliyofuata, mkono mmoja nimeushika mimi, wa pili ameushika mke wa mfyatua matofali, ambaye wala hakujua jina lake. Wamemzika kwenye kiwanja chao, na kaburi wamelijengea kwa matofali yao ya kuchoma, yale mazuri.

Sasa lipo jambo ambalo ningeweza kukuficha, kwa kuwa hakuna aliyelisikia ila mimi. Kabla hajakata kauli alinitazama sana akaniita Chiriku. Akasema, "Wewe ulisema tumpeleke. Mimi nikakataa. Niliogopa afie mikononi mwa watu baki. Halafu ukasema mbele za watu kwamba nimemuua, nami nikakufukuza kwa sababu ilikuwa kweli." Akaniomba nimwambie neno moja tu.

Ningesema mimi siye. Ningesema ngoja, tuko karibu, nitamtuma mtu amlete Chiriku mwenyewe. Nilijua usingewahi kufika, na nilijua neno lile si langu. Wewe ndiye uliyetolewa nyumbani na mfuko mmoja, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikiliza. Lakini macho yake, dada! Nikasema harakaharaka, kama unavyosema wewe: nimekusamehe, baba, yameisha. Akashusha pumzi. Baada ya muda akauliza, "Na mdogo wako?" Nikasema hajambo, yuko nyumbani. Akasema, "Mwambie yule apumzike sasa."

Nimemnyang'anya msamaha mwenye nao, nikautoa. Kama ungempa mwenyewe, basi jua msamaha wako umemfikia. Na kama usingempa, sitakulaumu, una haki yako. Ila usimdai yeye, keshalala. Nidai mimi, nipo hai, na miguu ikipona nitakuja kusimama mlangoni kwako uniambie lolote ulilokuwa umemwekea. Nitasikiliza mpaka mwisho. Halafu, ukipenda, tulie pamoja, maana hapa nalia na watu wema, lakini hawakumjua.

Wenyeji wangu wanakusalimu sana ingawa hamjuani. Msalimie shemeji, na wanao wabusu mmoja mmoja, uwaambie kwamba walikuwa na babu na alikuwa njiani kuja. Usimjibu dereva kwa haraka. Ataniletea utakachompa, hata kama ni kimya.

Ni mimi mdogo wako,
aliyeitika kwa jina lako.