Munjia Upande wa Kulia

Jumapili, 3 Novemba

Munjia kaondoka leo asubuhi. Kaenda Marsei kwa binti yetu Radhia. Mtoto kazaliwa wiki iliyopita, na bibi hawezi kukosekana mpaka arobaini ipite. Sikulia. Aliyelia ni yeye. Nikamwambia nenda, mwanamke, nyumba haina miguu.

Ameniachia amri niandike kila siku, herufi zisinitoroke. Tulizipata uzeeni, mimi na yeye, kwenye darasa la msikitini. Yeye alikuwa wa kwanza, mimi wa pili. Wa pili kati ya wengi.

Taufiki, mwanetu, alishuka kutoka Tunis kumpeleka mama yake uwanja wa ndege. Kabla ya kuondoka akanifungia kompyuta juu ya meza ya chakula — likubwa, waliacha kulitumia ofisini kwake. Kila siku kabla ya magharibi nimpigie mama yake, tuonane nyuso. Simu yangu ya vitufe haifiki Ufaransa. Nikikosa hata siku moja, anakuja na gari kunichukua nikakae kwake, ghorofa ya nne, dirisha linatazama dirisha la mtu. Na nyumba hii ipangishwe.

Yote haya kwa ajili ya gesi. Niliisahau mara moja, sufuria likaungua. Nani hajaunguza sufuria?

"Baba, mtu akishindwa kufungua picha moja kwenye kompyuta, nitamwachiaje jiko?"

Nikamwambia mimi niliuza viungo soko la Sfaksi kabla yeye hajaota jino. Akasema viungo havina waya.

Tutaona.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimempata. Alitokea amekaa kitandani kwa Radhia, kamshika mjukuu kichwa chini miguu juu, nusu ya uso wake haionekani. Hata hivyo nilimwona. Akauliza nimekula nini. Nikasema samaki. Ilikuwa mkate na mafuta ya zeituni, lakini samaki nilimfikiria.

Sasa niseme ukweli wa hii mashine. Chini ya kioo kuna mstari wa picha ndogo. Mimi naita rafu, maana ni rafu. Ukibonyeza picha, kitu chake kinafunguka. Taufiki kaijaza kama duka la mtu asiyejua kuuza. Hali ya hewa, magazeti, muziki, karata, barua, na vingine hata yeye hakunieleza. Nusu yake ni duara la buluu. Munjia, yaani picha ya kumpigia, ni duara la buluu. Hali ya hewa, duara la buluu. Majina ni ya Kifaransa: ukipitisha kipanya juu yake jina linachungulia, ukianza kulitazama limekwisha zama.

Leo kabla ya kumpata Munjia nilifungua karata, halafu mvua ya Bizerte. Nikatoka jasho.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefikiri usiku. Dukani kwangu hakukuwa na chupa hata moja yenye jina. Giligilani hapa, kisibiti pale, bizari nyembamba chini ya mkono wa kushoto. Umeme ukikatika soko zima, wenzangu walifunga. Mimi niliuza gizani, na hakuna aliyerudi kusema nimempa tangawizi badala ya manjano. Mkono unajua. Jina la nini?

Kwa hiyo hii rafu naipanga mwenyewe.

Nikaanza na mvua ya Bizerte. Nikaishika kwa kipanya, nikaivuta juu, nikaiachia. Ikatoka kama moshi, ikapotea. Nikajua nimeua kitu cha watu, na Taufiki atauliza.

Nikapanda darini. Jirani yetu Naziha alikuwa anaanika nguo. Yeye hudarizi nguo za maharusi, na wateja huzichagulia kwenye kompyuta. Sikutaka kumwomba. Nikamwambia kuna mzee mmoja namfahamu, kavuta picha ikapotea, sasa hana raha.

Akasema, kibanio mdomoni, "Mwambie huyo mzee asihangaike, Ami Shadli. Ile ya chini ni picha tu. Yenyewe iko ndani, hapo penye nukta ndogo, anaweza kuirudisha akitaka."

Nilishuka ngazi kama kijana. Kumbe! Mbele unaweka chupa ya kuonyesha, gunia liko stoo. Ukitoa chupa, gunia halijaenda popote. Hili nilikuwa nalijua tangu nina ndevu nyeusi, walichobadilisha wao ni duka tu.

Nikatupa karata. Nikatupa magazeti. Nikatupa yale nisiyoyajua, moja moja, na kila moshi ulipotoka nilipumua vizuri zaidi. Nikabakiza tatu: Munjia, Qur'ani, na mpira.

Nikampigia. Mara ya kwanza tu, nikampata. Sikumweleza kwa nini nacheka.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi nimemaliza kazi. Zimebaki tatu, lakini zilikaa ovyo, Munjia kushoto kabisa. Mke wangu kushoto? Nikamhamisha kulia. Na kule kulia, mwisho wa rafu, nikaona kuna kopo. Kopo zuri, la fedha. Nikaridhika sana. Zafarani huwekwa wapi? Ndani ya kopo, mkono wa kulia wa mwenye duka, vumbi lisiingie na mkono wa mteja usifike. Nikamvuta Munjia mpaka kwenye kopo. Likafunguka mdomo, akaingia taratibu. Nikaenda zangu kwa kinyozi, nikawaambia pale kwamba kompyuta ni kazi ndogo ukiwa na akili ya biashara.

Jumatano, jioni

Hayupo. Nimebonyeza kopo, limefunguka kioo kitupu. Penye nukta ndogo pamejaa maduara ya buluu kama macho ya samaki. Nikafungua moja, ikaja ramani. Programu isipofunguliwa, hata yeye akipiga huku hakulii.

Adhana imetoka. Simu ya mkononi inalia. Ni Taufiki. Naiangalia tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilimpokea mwishowe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema mama yake alisubiri mpaka akashindwa kula, na yeye anakuja Jumamosi, na atapitia kuchukua makatoni ya kuhamishia vitu dukani kwa rafiki yake. Makatoni. Nyumba hii niliijenga chumba kwa chumba, mndimu wa uani alipanda Munjia siku Radhia alipoanza kutembea. Itaingia kwenye katoni gani?

Sikulala. Kulipokucha nikagonga kwa Naziha. Nikamwambia yule mzee ni mimi.

"Nilijua, Ami. Mzee gani mwingine mtaa huu ana kompyuta?"

Akaja na cherehani yake ya mkono, maana ana harusi kesho kutwa, akakaa, akaniuliza nilifanya nini. Nikamweleza habari ya zafarani. Akashika kichwa. Kisha akacheka mpaka akaegemea friji.

"Ami Shadli, lile ni jaa. Umemtupa Mama Taufiki jaani."

Nikamuuliza nani mwenye akili anaweka jaa upande wa kulia wa nyumba. Akasema walioitengeneza huanza kuandika kutoka kushoto, kwa hiyo kwao kulia ndiyo mwisho wa mambo, pa kutupia. Nikasema basi igeuzwe.

"Ami, haigeuzwi kama godoro."

Nikasema hapa ni kwangu, kodi ya jengo nalipa mimi, na kitu kinachokaa kwangu kitafuata mkono wangu. Akapumua, akatafuta tafuta, akasema tujaribu, tuitie Kiarabu badala ya Kifaransa. Mashine ikazimika. Nikasoma aya zote ninazozijua. Ikawaka.

Kila kitu kimegeuka! Rafu yote inaanzia kulia, kama ukurasa wa watu. Na jaa limekwenda kushoto, linakostahili. Hata Naziha hakutegemea, alikaa ameachia sindano.

Munjia tulimtoa stoo, mzima, hana hata mkwaruzo. Nikasema lakini simtaki buluu tena. Naziha akauliza kama nina picha yake yoyote humo. Ipo moja, ya arusi ya Taufiki, kavaa kitambaa chake chekundu cha kichwa na kanikasirikia. Akaiweka badala ya duara. Nikaomba akuze rafu nzima. Sasa sura yake pale ni kubwa kama sahani ya chai.

Saa ya kupiga, Naziha alitaka kubonyeza. Nikamwambia weka mkono wako kwenye cherehani, mwanangu.

Alitokea.

"Jana ulikuwa wapi, Baba Taufiki?"

"Nilikuwa napanga duka."

"Duka gani? Mimi sikula."

"Sasa utakula. Nimekuweka mkono wa kulia, na sura yako mwenyewe."

"Sura ipi?"

"Ile ya arusi."

"Ile nimenuna!"

"Ndiyo. Nitakujua hata gizani."

Kaniita mwehu. Kisha akamgeuza mtoto vizuri safari hii, nikamwona mzima, ana paji la uso langu. Nimekula sahani mbili za alichopika Naziha. Kifua chepesi. Ilikuwa kama gunia limetolewa begani ambalo nilikuwa nimezoea kulibeba.

Ijumaa, 8 Novemba

Msikitini. Chakula kwa Naziha, kuskusi ya samaki. Nimempigia Munjia miwani iko mfukoni. Mkono ulikwenda wenyewe.

Taufiki bado anasema anakuja.

Jumamosi, 9 Novemba

Taufiki kafika baada ya alasiri. Kanibusu kichwa, kakagua jiko kabla ya kukaa. Makatoni yapo kwenye buti ya gari, nimeyaona, yamekunjwa, ya ndizi.

Nikamletea maji. Nikamwambia mama yako anangojea, kaa umpigie wewe leo.

Akakaa mbele ya kompyuta. Akatazama muda mrefu.

"Baba, nani kaigeuza hii?"

"Mimi."

"Na vitu vyangu vyote viko wapi?"

"Stoo."

Akanitazama, akaitazama rafu. Nilikuwa nimekwisha kuifungua programu tangu mchana, ili simu ya Munjia iingie. Nikamwambia nakwenda kuchemsha chai.

Naandika hapa jikoni, daftari juu ya gunia la shayiri. Chai imechemka. Gesi nimezima, nikarudi nikashika kitufe tena, kimezimwa. Mlango uko wazi, namwona. Mkono wake unakwenda kushoto, kwa mazoea ya kwao. Amefungua jaa. Amelifunga. Amelifungua tena.

Sasa inalia. Ni Munjia, kashindwa kungoja. Sura yake inaruka pale kulia, na kitambaa chekundu na hasira zake, inaruka kama anagonga mlango. Mtoto wangu anamtafuta mama yake kushoto.

"Baba," ananiita, bila kugeuka, kwa ile sauti aliyokuwa nayo akiwa mdogo, kamba ya kiatu ikimshinda. "Baba, njoo basi."

Namimina chai kwanza. Vikombe viwili. Nakwenda kumfungulia hiyo picha moja.